Ngoma Dakika Tano: Wacheki wa Nebraska, Wazigua wa Juba na Sherehe Zisizo na Maneno

Kama ulisoma fasihi ya Kiswahili chuo kikuu, jina la Elena Bertoncini Zúbková umekutana nalo, hata kama ni kwenye mabano ya rejea tu. Kitabu chake, Outline of Swahili Literature, kilitoka Leiden mwaka 1989. Toleo la pili likaja 2009, safari hiyo akiwa pamoja na Mikhail Gromov, Said Khamis na Kyallo Wamitila. Humo riwaya na tamthilia zetu zimepangwa mwandishi kwa mwandishi, na mtu ambaye kweli alizisoma, zile nzuri na zile ambazo hata sisi wenyewe tumeshazisahau. Kwa kuwa alifundisha Napoli, ni rahisi kumdhania Mwitaliano. Lakini Zúbková si jina la Kiitaliano. Mama huyu alitoka Slovakia.

Nimeanza naye kwa makusudi. Ukimtajia mtu utamaduni wa Wacheki na Waslovakia walio nje ya nchi zao, picha inayokuja ni ya akodioni, sketi pana za nakshi, dansi ya polka na maandazi yenye jamu katikati. Haimjii mtu picha ya mwanamke wa Kislovakia amekaa Napoli anasoma Kezilahabi. Picha zote mbili ni za kweli. Ila ya kwanza ndiyo hupewa jukwaa, ya pili hukaa maktaba. Nataka kuuzungumzia umbali uliopo kati ya hizo mbili, kwa sababu umbali huohuo upo Handeni, na kwa Handeni madhara yake ni makubwa kuliko yalivyo kwa Slovakia.

Agosti ya Wilber

Wilber ni mji mdogo wa jimbo la Nebraska, Marekani. Wakulima wa Kicheki walihamia maeneo yale katika nusu ya pili ya karne ya 19, na tangu miaka ya 1960 mji huo una tamasha la Kicheki kila Agosti. Kuna maandamano ya magari yaliyopambwa, kuna bendi za polka, kuna kolache za kila aina, ndiyo yale maandazi niliyoyataja. Kuna pia shindano la kumtafuta malkia wa Wacheki na Waslovakia wa Marekani, ambapo msichana hutazamwa kipaji chake na pia kroj yake, yaani vazi la asili la kule walikotoka babu zake. Vazi hilo si la mchezo. Kila eneo lina ushonaji wake na nakshi zake, na anayejua akiona mshono anaweza kukwambia umetoka upande gani.

Jimbo la jirani, Iowa, katika mji wa Cedar Rapids, kuna Makumbusho na Maktaba ya Taifa ya Wacheki na Waslovakia. Jengo lake lilipozinduliwa mwaka 1995 walifika marais watatu: Bill Clinton, Václav Havel wa Ucheki na Michal Kováč wa Slovakia. Mafuriko ya 2008 yakaingia ndani. Watu hawakukata tamaa. Jengo likanyanyuliwa zima, likasogezwa mahali pa juu, na mwaka 2012 makumbusho yakafunguliwa tena. Na kuna jambo moja hapo linalonigusa. Chekoslovakia ilivunjika rasmi tarehe 1 Januari 1993. Nyumbani ndugu wakagawana nchi, ughaibuni wakaendelea kukaa chini ya bango moja.

Sitaki kuyabeza haya. Mimi ni mwandishi wa habari za wilayani. Najua ni kazi gani kukusanya watu mia mbili uwanjani kwa siku moja, seuze kwa miaka sitini mfululizo. Lakini mhakiki hana budi kuuliza: maneno yako wapi? Mwaka 1893 mtunzi wa muziki Antonín Dvořák, aliyekuwa akifundisha New York, alikwenda kukaa kiangazi chake Spillville, kijiji cha Iowa, kwa sababu pale aliwakuta wenzake na lugha yake ikisemwa nje na kanisani. Alipokuwa huko alitunga moja ya kazi zake zinazopigwa mno mpaka leo. Huo ndio uzito wa mahali ambapo watu bado wanazungumza. Leo hali si hiyo. Kule Texas, kwa mfano, lahaja ya Kicheki yenye asili ya Moravia, ambayo ilishachanganya Kiingereza ndani yake kwa namna ya kuvutia, imebaki kwa wazee na inaondoka nao. Wajukuu wanacheza polka vizuri. Wanajua jina la kila andazi. Hadithi aliyokuwa akiisimulia bibi hawaijui, kwa sababu haikuwa ya kucheza wala ya kula.

Meza ya Toronto

Sasa tazama upande mwingine. Agosti 1968 vifaru vya Urusi na washirika wake viliingia Chekoslovakia. Miongoni mwa walioondoka ni mtu na mkewe, wote waandishi: Josef Škvorecký na Zdena Salivarová. Walifika Kanada, na mwaka 1971, mjini Toronto, wakaanzisha shirika la uchapishaji. Jina walilolipa ni 68 Publishers. Huhitaji kuelezwa namba hiyo imetoka wapi.

Kwa zaidi ya miaka 20 shirika hilo lilichapa vitabu zaidi ya 200 vya waandishi ambao nyumbani walikuwa wamepigwa marufuku, au wamekimbia, au wamenyamazishwa. Škvorecký alikuwa na kazi yake ya kufundisha chuoni; mzigo wa kila siku wa kuendesha shughuli yenyewe aliubeba zaidi Salivarová. Riwaya maarufu ya Milan Kundera, ile ya wepesi usiovumilika wa maisha, ilitokea kwanza kwa Kifaransa mwaka 1984. Kwa Kicheki chake yenyewe ilitokea Toronto mwaka 1985. Nyumbani kwa mwandishi haikuwezekana. Vitabu vilisafirishwa kwa wasomaji waliotawanyika duniani, na vingine vikapenyezwa kwa siri kurudi Prague. Utawala ulipoanguka mwaka 1989, haikuchukua muda, Havel akiwa rais, wawili hao wakatunukiwa nishani kubwa ya nchi.

Kwangu mimi hilo nalo ni tamasha la utamaduni ughaibuni. Halina akodioni wala malkia. Lina karatasi, gundi, orodha ya anuani, na mama mmoja aliyechoka. Lakini kila kitabu kilichotoka pale kilikuwa na sentensi ambazo Kicheki hakikuwa nazo jana yake.

Linganisha na kwetu. Abdulrazak Gurnah alipopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021, riwaya yake Paradise ilikuwa na umri wa miaka 27, na Mzanzibari asiyesoma Kiingereza alikuwa hajaweza kuigusa. Ilirudi nyumbani mwaka 2022 kwa jina la Peponi, kwa mkono wa Ida Hadjivayanis aliyeitafsiri. Simlaumu Gurnah, mwandishi huandika kwa lugha inayomjia. Nasema tu kwamba mwana wetu aliye mbali alihitaji mtu wa kumrudisha, na kazi hiyo ya kumrudisha ilikuwa kubwa kuliko hafla yoyote ya kumpongeza.

Wilber ina Prague

Unaweza kuniambia: sasa unataka kila mchezaji wa polka awe mchapishaji? Hapana. Na hapa ndipo hoja yangu ilipo.

Wilber inaweza kumudu kucheza bila maneno kwa sababu kuna Prague. Wacheki nyumbani ni zaidi ya milioni 10, wana nchi, wana bunge, shule, magazeti, jumba la maigizo la taifa na wachapishaji. Slovakia vilevile ina Bratislava yake. Mjukuu wa Nebraska akisahau lugha, ni hasara kwake na kwa familia yake, lakini lugha yenyewe haitikisiki. Siku akiitaka, atakata tiketi ya ndege, ataikuta inamsubiri. Tamasha lake ni kama pambo la ukutani katika nyumba ambayo msingi wake uko kwingine, tena uko imara.

Prague ilipofungwa kati ya 1968 na 1989, Wacheki walio nje walilielewa jambo hili haraka. Kama nyumbani hakuchapwi, basi wa nje lazima achape. Polka haikutosha tena. Kwa hiyo kipimo cha sherehe ya watu walio mbali hakiwezi kuwa kimoja kwa wote. Kwanza uliza: nyumbani kwao kuna nini? Kama nyumbani lugha iko salama, cheza. Kama nyumbani nako inayumba, basi kucheza peke yake ni kusindikiza jeneza kwa ngoma.

Waliorudi wakieleweka

Watu wa Handeni tuna ughaibuni wetu, na ni wa zamani kuliko mambo mengi tunayoyaita ya kale. Kati ya miaka ya 1830 na 1840, ukame na njaa viliibana nchi ya Uzigua. Watu waliteremka pwani kutafuta chakula na kazi, wakajikuta majahazini, wakauzwa katika pwani ya Banadir, Somalia ya leo, kulima mashamba ya Shebelle. Wengine wakatoroka. Masimulizi yao yanasema aliyewaongoza ni mwanamke mwaguzi, Wanankhucha, na kwamba nia ilikuwa kurudi kusini, nyumbani. Hawakufika. Walikaa kando ya mto Juba, msituni, wakafungua mashamba, wakajenga vijiji. Lugha yao, Chizigula, wakaendelea kuisema. Wasomali waliiita Mushunguli, neno ambalo ukilisikiliza vizuri unalisikia jina Mzigula ndani yake.

Vita vya 1991 viliwatoa tena. Wengi walikimbilia Kenya, kambi za Dadaab. Wengine wakaja kwa bahari mpaka Tanga, wakapelekwa Handeni, kwanza kambi ya Mkuyu, baadaye makazi ya Chogo. Serikali ya Tanzania iliwapa ardhi, na baadaye wengi wakapewa uraia. Fikiria mkutano ule. Karne moja na nusu imepita, mtu anashuka na watoto wake na kigunia, anafungua mdomo, na mzee wa Handeni anamwelewa. Maneno mengine yamechukua Kisomali, mengine Kiitaliano, kama vile Kizigua cha huku kilivyochukua Kiswahili. Lakini wanaelewana. Hawakuwa na makumbusho kule Juba. Hawakuwa na shindano la malkia, na rais yeyote hakufika kuwazindulia jengo.

Waliobaki Kenya walipata njia nyingine. Mwaka 1999 Marekani ilikubali kuwapokea wapatao 12,000, na safari zikaanza 2003. Walitawanywa katika miji mingi. Kundi kubwa likakusanyika Lewiston, jimbo la Maine, mahali ambapo theluji inakaa miezi. Huko wana jumuiya yao na mashamba yao, Liberation Farms, wanakolima mahindi ya unga. Inapofika Siku ya Wakimbizi Duniani, Juni 20, miji ya Marekani hufanya sherehe viwanjani, na makundi kama yao huitwa kucheza ngoma. Wamekwisha kupewa jina la kuchezea pia: Wabantu wa Somalia. Ni jina lililoenea miaka ya 1990 kupitia mashirika ya misaada na waandishi wa habari, likawaweka Wazigua, Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo katika kapu moja, kama Mcheki na Mslovakia katika bango la Cedar Rapids. Tofauti ni kwamba bango la Cedar Rapids waliliandika wenyewe.

Habari zao zimeandikwa, tena vizuri. Catherine Besteman, mwanaanthropolojia wa Marekani, aliishi Banta, kijiji cha bonde la Juba, mwaka 1987 na 1988, kabla ya vita. Miaka mingi baadaye akakutana na watu wa kijiji kilekile Lewiston, mwendo wa gari tu kutoka anakofundisha. Kitabu chake Making Refuge cha 2016 kinaeleza mkutano huo na yote yaliyowapata kabla na baada yake, pamoja na uvumi waliopambana nao kwamba wamekuja Maine kula ruzuku za watu. Ni kitabu chenye macho. Hakiwafanyi watu kuwa mabango ya huruma. Wanabishana, wanapanga, wanakosana na walio wafadhili wao. Mwitaliano Francesca Declich naye alifanya utafiti kando ya Juba, na kazi zake zinaonyesha kitu ambacho kila mwandaaji wa tamasha angepaswa kukijua: historia ya kutoroka na ya Wanankhucha haikutunzwa na makaratasi. Ilitunzwa zaidi katika koo za upande wa mama na katika ngoma za jando na unyago. Ngoma ndiyo iliyokuwa Toronto yao.

Lakini angalia vitabu hivyo viko kwa lugha gani. Kiingereza na Kiitaliano. Mjukuu wa Chogo anayesoma sekondari ya kata atavisoma vipi? Na binamu yake wa Handeni, ambaye babu wa babu yake ndiye aliyebaki wakati mwenzake anapanda jahazi, atavipata wapi?

Itifaki imezingatiwa

Twende sasa uwanjani, Handeni au Korogwe, popote. Nimehudhuria sherehe za namna hii nyingi kikazi, na zinafanana kiasi kwamba naweza kuandika habari kabla sijafika. Maturubai, viti vya plastiki, meza kuu yenye vitambaa vya satini na maji ya chupa. Mgeni rasmi anachelewa. Muziki wa spika unapigwa mpaka anapoingia, kisha MC anatangaza: sasa tunakaribisha kikundi cha ngoma za asili, dakika tano. Wanaingia kina mama na wazee, wamevaa khanga za sare na njuga miguuni. Ngoma inaanza. Wimbo una kiongozi na waitikiaji. Unaenda polepole kwa makusudi, unasema jambo, unalirudia, unaligeuza. Kabla haujafika kwenye kiini chake, mtunza muda ameshanyoosha mkono. Vifijo. Mgeni rasmi anatoa noti mbili tatu, wapigapicha tunasogea. Kisha risala, kisha hotuba: tutunze utamaduni wetu. Itifaki imezingatiwa.

Hakuna aliyesema wimbo ule ulihusu nini, ni wa nani, wala uliimbwa kwenye tukio gani. Wengi wetu tulio chini ya miaka 40 hatukuuelewa zaidi ya maneno mawili matatu. Tumeona khanga, tumesikia ngoma, maneno yamepita. Kwa mtu wa ngoma hiyo, maneno ndiyo shughuli yenyewe. Humo mlikuwa na kesi, na mafumbo ya kumsema jirani asijijue, na majina ya waliokufa. Ukiyaondoa, kinachobaki ni mazoezi ya viungo yenye sare.

Hiki ndicho ninachokiita ugonjwa wa Wilber, isipokuwa sisi tumeupata bila kuwa na Prague. Nani ni Prague ya Kizigua? Hatuna gazeti la Kizigua, shuleni hakifundishwi, na mitaani Chanika au Mkata watoto wanacheza na kugombana kwa Kiswahili. Hofu yangu ni hii: kila upande unadhani mwenzake ndiye mtunzaji. Wazazi wa Lewiston, wanaowaona watoto wao wakigeukia Kiingereza, wanajipa moyo kwamba Tanzania wapo Wazigua wengi, lugha iko kwao. Sisi wa Handeni tukisikia kuna watu waliosema Kizigua miaka 150 katikati ya Wasomali, tunatikisa kichwa kwa furaha: kumbe ipo, wale hawawezi kuiacha. Kila mmoja anamtegemea mwenzake, na hakuna aliyeshika.

Kiswahili hakina kosa

Najua litakalosemwa. Kwamba haya ni mambo ya ukabila. Kwamba Tanzania tumejengwa na Kiswahili, na mwandishi wa Kiswahili anayelilia Kizigua anakata tawi alilokalia.

Mimi silioni hivyo. Angalia rafu yetu wenyewe. Simulizi kubwa kuliko zote za mtu aliyetoka upande huu akaenda kuishi ugenini imeandikwa kwa Kiswahili: Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi, iliyochapwa kwa mara ya kwanza na misheni kati ya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Shujaa wake, Mbegha, ni mwindaji wa Unguu, kigego aliyenyimwa haki yake na kufukuzwa na ndugu, akapita Kilindi, akaishia kuwa mtawala Usambaa kwa kuwagawia watu nyama na kuamua mashauri yao. Ukitaka kujua mgeni anavyokuwa mwenyeji, anza pale. Kisha kuna Habari za Wazigua cha Anthony Mochiwa, kilichotolewa na Macmillan mwaka 1954. Mzigua, akiandika habari za Wazigua, kwa Kiswahili, ili Msukuma na Mnyakyusa nao wasome. Miaka 70 imepita. Jaribu kukitafuta katika maktaba ya shule iliyo karibu nawe.

Kiswahili kilikuwa mlango kwa Mochiwa, hakikuwa ukuta. Kezilahabi aliandika Kiswahili huku Ukerewe ikisikika chini yake, na hakuna aliyemwita mkabila, tulimwita fundi. Tatizo letu si kwamba Kiswahili kimemeza lugha nyingine. Tatizo ni kwamba tumeacha kuandika kilichomo katika lugha hizo kwa lugha yoyote ile. Majina ya vijiji vyetu yenyewe ni nusu ya sentensi: Kwediboma, Kwamkono, Kwamsisi, Kwashemshi. Kwa nani? Alikuwa nani, na nini kilimpata? Nusu ya pili ya sentensi iko kwa wazee, na wazee wanapungua.

Kosa lingine ninaloliona ni la sisi waandishi. Tunapenda kusema fasihi simulizi inakufa, kisha tunasubiri profesa aje na kinasa sauti. Profesa amekuja, tena kutoka mbali. Bertoncini alitoka Slovakia akasoma riwaya zetu kabla wengi wetu hatujazaliwa. Declich alitoka Italia, Besteman Marekani. Huko Boise, jimbo la Idaho, Wazigua waliohamia wamekaa na wanaisimu wakaandika kamusi na sarufi ya Chizigula. Yaani mtu aliyefukuzwa mara mbili, mara kwa jahazi na mara kwa bunduki, ameketi kwenye baridi anaandika maneno yake herufi kwa herufi. Hilo ndilo tendo la Toronto. Sisi tuliokaa nyumbani siku zote tumeandika nini?

Kinachowezekana bila mfadhili

Sipendekezi makumbusho ya marais watatu. Napendekeza mambo manne madogo, na yote yanaweza kuanza katika tamasha lijalo.

La kwanza, kikundi kipewe muda wa wimbo, si muda wa ratiba. Kama wimbo ni dakika 20, hotuba ndiyo ipunguzwe. Mgeni rasmi hatakufa.

La pili, MC aseme. Kabla ya ngoma atamke jina la wimbo, aliyeutunga au aliyeurithi, na shughuli unakotoka. Kama ni selo ya vijana, iseme hivyo, na kama ni ya mavuno, iseme hivyo. Waandaaji wa muziki wa kizazi kipya hawawezi kumpandisha msanii jukwaani bila kutaja wimbo wake. Bibi wa Kwediboma naye ni msanii.

La tatu, maneno yaandikwe. Ukurasa mmoja, Kizigua kushoto, Kiswahili kulia. Mwalimu wa Kiswahili wa sekondari anaweza kulifanya na wanafunzi wake kama zoezi la fasihi simulizi, ambalo limo kwenye mtaala tayari. Kurasa kumi kama hizo ni kijitabu. Vijitabu vitano ni mwanzo wa kitu ambacho mtoto wa Lewiston anaweza kutumiwa kwa simu na akakisoma na mama yake.

La nne, Chogo waalikwe. Wasialikwe kama wakimbizi wa zamani wa kuonewa huruma, wala kama kivutio. Waalikwe kama watu walioshika kitu ambacho sisi tumekilegeza. Wao wana maneno ambayo huku yamekwisha kusahauliwa. Sisi tuna makaburi na majina ya mahali ambayo wao waliyabeba kwa kusimuliwa tu. Weka wazee wa pande zote mbili mkekani mchana mmoja, kijana awe na simu ya kurekodi, na umuulize kila mmoja kuhusu jina hilohilo. Hakuna viza ya kwenda Chogo.

Kuna watakaosema haya ni mambo ya wasomi, kwamba watu wamekuja uwanjani kufurahi. Sawa, na wafurahi. Lakini furaha ya kuelewa utani wa wimbo ni kubwa kuliko furaha ya kutazama njuga. Muulize yeyote aliyewahi kukaa kwenye ngoma ambayo maneno yake anayaelewa, akaona ukumbi mzima unacheka kwa pamoja, na mtu mmoja pale nyuma hacheki kwa sababu anajua ndiye aliyeimbwa.

Tamasha lijalo nitakuwepo, na daftari langu na kamera ya ofisi, kama kawaida. Wewe nawe ukiwepo, ngoma ikiisha usikimbilie picha. Msogelee aliyeongoza wimbo, mwamkie, mwambie arudie ubeti ule polepole, akueleze unasema nini na yeye alifundishwa na nani. Andika jibu, na chini yake andika jina lake.